Pindo la Koti la Kijivu

Mkono ule haukuwa wa mwizi, msomaji, wala wa marehemu kama walivyodhani baadhi yenu. Ulikuwa mkono wa mwanamke mnene, pete tano kwenye vidole vinne, uliochomoza upande wa pili wa kabati bovu na kudaka koti lilelile la kijivu alilokuwa amelishika Fundi. Wiki nzima tumewaacha hapo, huyu kakamata mkono wa kulia wa koti, yule kakamata wa kushoto, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

"Samahani, mama," Fundi akasema. "Hili nimeliona mimi."

"Kuona si kupata, mwanangu."

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Fundi ni mshona nguo, na chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yake ndiyo karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni. Nyumba hiyo Baba Mdogo anaidai. Anasema ni mali ya ukoo, mama aliachiwa na babu akae tu, na sasa hayupo irudi kwa wenyewe. Kikao kimeitwa Jumatatu. Mwenye karatasi atasikilizwa, asiye nayo atafungasha virago.

Karatasi ipo. Mama mwenyewe alimnong'oneza Fundi siku tatu kabla ya kuaga dunia: "Likitokea la kutokea, fumua pindo la koti langu."

Mnadhani alifumua? Hakufumua. Fundi ni fundi, na mafundi mnawajua. Ukienda Jumatatu unaambiwa njoo Ijumaa, ukija Ijumaa bado vifungo tu. Koti la mama yake mzazi nalo alilipanga foleni nyuma ya suruali za watu. Kesho, keshokutwa, miezi minane ikakatika. Siku Baba Mdogo alipoanza kelele zake ndipo akakimbilia sanduku, na koti halimo.

Mdogo wake akamwambia ni wifi. Huyu mdogo ni kitinda mimba, na ingawa ana miaka ishirini na sita na kazi yake, watu bado humwita Kitinda. Alisema wifi yao, mke wa kaka yao, alifanya usafi, akakusanya nguo za marehemu, akazipeleka kwenye duka la mitumba la Mzee Labda. Tangu siku hiyo Fundi hajamsalimia wifi. Wiki ya tatu hii, na nyumba wanayoishi ni moja. Safari ya dukani nayo ikawa kesho, keshokutwa, mpaka leo.

Basi ni Jumamosi, saa tano na nusu, duka linafungwa saa saba, na koti lina wenyewe wawili.

Tatizo ni kwamba Fundi hakuweza hata kugombana. Mwenye duka alikuwa ameinua kichwa, na tabia yake inajulikana. Ukimwuliza bei atasema labda. Ukimwuliza kama kitu kinafanya kazi atasema labda. Lakini akigundua kwamba roho yako imeshikamana na kitu, bei haipandi, inatoweka kabisa. "Hicho labda siuzi," atasema, na hata ukilala mlangoni hakuuzii.

Kwa hiyo tangu asubuhi Fundi alikuwa anajifanya mtu wa kupitisha wakati. Alizunguka duka lote akigusa asichokitaka. Duka lenyewe ni la kukutoa machozi, maana Mzee Labda hapangi kitu kwa aina yake. Kila kitu kimo ndani ya kingine. Meno ya bandia yamo ndani ya birika, birika limo ndani ya ngoma ya mashine ya kufulia, na juu yake albamu ya harusi ya watu wasiojulikana na yeyote. Viatu vipo hamsini, vyote vya mguu wa kushoto. Ipo mashine ya kuchapa isiyo na herufi A, na kombe la bingwa wa kuogelea ambalo ndani yake mzee hutia mifupa ya samaki wa paka wake. Yeye mwenyewe hukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, miguu juu, na tangu asubuhi hakuwa ameteremka.

Fundi aliuliza bei ya tausi wa chuma. Labda. Aliuliza kama ile darubini inaona mbali. Labda. Mwishowe, ili asifukuzwe, alinunua tarumbeta lisilo na mdomo, na hilo tarumbeta lilikuwa sasa limening'inia kwenye mkoba wa Kitinda, aliyemsindikiza, mkoba ambao mkanda wake uliwahi kukatika na kurudishiwa kwa uzi mwekundu. Mshono ulikuwa wa kitoto. Kitinda hajawahi kujua kupiga fundo. Tangu alipofundishwa na dada yake akiwa na miaka saba, huanza kwa kurudia mshono mmoja mara tatu palepale, halafu anaruka kama panzi mpaka mwisho. Fundi aliutazama mkanda ule kwa hasira usiyoistahili, kwa sababu siku hiyo kila kitu kilikuwa kinamkera.

"Dada, twende," Kitinda akanong'ona. "Makoti ya kijivu yako mengi. Labda si lenyewe."

"Na wewe usiniambie labda."

Akamgeukia yule mwanamke wa pete. Kama hawezi kulivuta koti, basi atalitukana mpaka mwenzake alichukie. Akalikunjua mbele yake kama anavyowakunjulia wateja kazi ya mafundi wenzake.

"Mimi ni mshonaji, mama, nakuhurumia. Tazama kola imelika. Hapa kifuani nondo wamekula tundu. Kwapa limeachia. Rangi ya mabegani imekufa. Halafu vifungo viko upande wa kiume. Ukilivaa, watu watasema umeazima kwa mume wa mtu."

Hilo la vifungo lilikuwa kweli, na alikuwa akimtania nalo mama yake miaka yote. Mama alikuwa akijibu kwamba mtumba hauchagui jinsia, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwanamke hakuchukia. Kadiri Fundi alivyolitukana koti ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa.

"Rudia hilo la kola," akasema.

Ndipo ikajulikana. Mwanamke yule ni mtu wa mavazi katika kikundi cha maigizo, wenzake humwita Mama Jukwaa, na onyesho lao ni leo jioni. Wana mhusika ambaye amesahauliwa na jamaa zake kituoni, akangoja miaka arobaini. Mwezi mzima ametafuta koti la kumvika, na makoti yote ya mji huu ni mazima mno. Sasa fundi wa kweli, bila kulipwa, anasimama mbele yake na kumthibitishia kwamba hili limekufa.

Hasira alizozipata Fundi hapo hazisemeki. Ulimi wake ndio uliomponza. Akajaribu kugeuza. Akasema lakini kitambaa ni kizuri, tena likipigwa pasi na kusafishwa laweza kuvaliwa na mkurugenzi, huyo mzee wa kituoni ataonekana ametoka kazini. Mama Jukwaa akacheka mpaka pete zikagongana. Alisema hajawahi kuona mtu akimzika maiti na kumfufua kwa pumzi moja.

"Mzee wangu," akaita, "hili koti bei gani?"

Mzee Labda akateremka kwenye kiti chake. Paka akashtuka. Alikuja taratibu kati ya mabeseni na baiskeli zisizo na matairi, akalitoa koti mikononi mwa wote wawili, akaliweka kwenye mkono wake mwenyewe.

"Labda siuzi," akasema.

Mama Jukwaa hakuwa mgeni kwake. Aliuliza kama anaweza kuliazima, alirudishe kesho asubuhi. Mzee alilikung'uta vumbi. Kisha akasema labda, akamkabidhi. Halafu akamgeukia Fundi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali.

"Na hilo tundu labda si la nondo. Labda ni la sigara."

Fundi akaona ni ubishi wa mfanyabiashara anayetetea mali yake, akapuuza. Mngekuwa ninyi mngepuuza pia. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, kwamba koti linaondoka na Jumatatu inakuja.

Lakini mungu wa mafundi hajalala. Mama Jukwaa aliliinua koti, akalipima kwa macho, akaguna. Mwigizaji wake ni mfupi. Pindo litaburuta jukwaani.

Hapo Fundi aliona mlango umefunguka. Akajilazimisha kutazama tausi wa chuma.

"Nikupandishie vidole vinne?" akasema kama mtu anayeulizia saa. "Dakika ishirini. Baada ya onyesho unalishusha, linarudi kama lilivyokuwa. Sindano ninayo."

Sindano anayo siku zote, imechomwa kwenye ukosi wa blauzi yake, na kadi ya uzi na mkasi mdogo vimo mfukoni. Mama Jukwaa akakubali kabla hajamaliza. Mzee Labda alikubali kwa masharti: kazi ifanywe hapohapo mbele ya macho yake, na mkasi usiguse kitambaa, uzi tu. Ilikuwa sasa saa sita na robo.

Wakakaa kwenye benchi la kanisa lililokuwa dirishani. Mama Jukwaa akaenda kuchagua kofia ya mhusika wake, Mzee akarudi kitini, macho hayabanduki. Kitinda alikaa mwisho wa benchi, tarumbeta mapajani.

Fundi alipitisha kidole gumba kwenye pindo, polepole, kutoka mshono wa kushoto. Huo mkono aliujua. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mishono yake ililala upande ambao mishono ya watu wengine hailali. Utotoni Fundi alilala chini ya mashuka yenye mishono hiyo. Machozi yakamlenga, akayakemea.

Alipofika katikati ya mgongo, pindo likachakarisha. Ni sauti ndogo tu ya karatasi. Ilikuwa humo.

Akafunga macho. Nyumba yake, cherehani zake mbili, dirisha ambalo chini yake mama alikaa miaka thelathini, vyote vilikuwa humo ndani, vidole vinne vya upana. Alijilaumu kwa Ijumaa zote zile. Akaapa kwamba wiki ijayo nguo ya kila mteja itakuwa tayari siku aliyoahidi, kiapo ambacho wewe na mimi hatuna haja ya kukiamini.

Akafumbua macho ili afumue. Hapo mkono ukasimama.

Kwa upana wa shubiri moja, pale penye karatasi, mishono haikulala kushoto. Ilikuwa mingine. Ilianza na mishono mitatu iliyorudiwa palepale, mmoja juu ya mwenzake, kisha ikaruka kama panzi mpaka ikakutana tena na kazi ya mama.

Fundi hakuinua uso. Alikata uzi kwa ncha ya mkasi, akaingiza vidole viwili, akaitoa karatasi ndani ya mikunjo ya koti pasipo mtu kuona. Ilikuwa ukurasa wa kalenda. Kalenda ya mwaka huu, mwezi wa tatu, na mama alikufa mwaka jana. Kwenye visanduku vya tarehe kulikuwa na mwandiko, na mwandiko ule ulikuwa wa Fundi mwenyewe: suruali ya mwalimu, Ijumaa, gauni la jirani, Ijumaa. Ulikuwa umechanwa kwenye ukuta wa karakana yake, na yeye hata hakugundua.

Angeweza kupiga kelele. Nadhani mimi ningepiga. Lakini mtu mmoja alikuwa amelaumiwa wiki tatu kwa kosa asilolifanya, na Fundi hakutaka kuongeza wa pili. Alitaka kuwa na hakika.

Akatunga uzi kwenye sindano, akaukunja upya upande mmoja wa pindo, na kumsogezea mdogo wake.

"Nisaidie hapa," akasema. "Wewe anza huko, mimi nianze huku. Saa zinakwenda."

Kitinda akatazama sindano, akasema yeye hajui kushona vizuri, dada mwenyewe humcheka. Fundi akasema leo hamcheki. Kitinda akapokea. Akachoma mshono wa kwanza. Akachoma wa pili palepale. Wa tatu palepale. Alipotaka kuruka akaona dada yake hashoni, anatazama tu vidole vyake. Naye akaacha.

Fundi akauweka ukurasa wa kalenda juu ya tarumbeta.

"Wiki tatu simsalimii wifi," akasema. "Asubuhi ananiwekea maji ya moto mlangoni, nayamwaga."

Kitinda hakukana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alilijaribu koti siku moja ya baridi, akasikia linachakarisha, akafumua, akatia ukurasa ule badala yake ili dada asigundue. Karatasi anayo. Hajaichoma wala hajampa Baba Mdogo, na dada asimdhanie hivyo.

"Basi ulificha nini?"

"Nyumba ni yetu, dada. Hilo limeandikwa, na mashahidi wamesaini. Lakini si babu aliyempa mama. Babu hakuwahi kuwa nayo. Aliyempa ni mtu mwingine, jina lake liko chini, na sababu ameieleza mwenyewe kwa mkono wake." Akameza mate. "Ukiisoma kikaoni Jumatatu, Baba Mdogo atakosa nyumba na mama atakosa heshima. Mbele ya wazee wote. Sikujua nikuambie vipi. Kila nikianza unaniambia kesho."

Hilo la mwisho lilimchoma Fundi kuliko sindano, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Upande wa kofia Mama Jukwaa aliuliza kama kazi inaisha. Inaisha, mama, Fundi akajibu, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya jirani.

"Na koti?" akamwuliza mdogo wake. "Kwa nini ulilileta hapa? Maduka ya mitumba yako mangapi mjini?"

Kitinda akaanza kulia kimyakimya. Alisema alitaka kumwona huyo mtu wa karatasini akiliona. Alitaka ajue kama atashtuka. Alilikunja, akaliweka juu ya meza yake pamoja na nguo nyingine, akasimama kumwangalia. Yule mtu hakuuliza limetoka wapi. Alilichukua, akalibeba kwa mikono miwili mpaka nyuma ya kabati, na tangu siku hiyo hajalipanga pamoja na vya kuuza.

Fundi akaligeuza koti mapajani. Akaona vifungo, upande wa kiume. Akaona tundu la kifuani, akalichunguza sasa kama fundi na si kama mgomvi. Kingo zake zilikuwa nyeusi na ngumu. Halikuwa la nondo. Lilikuwa la sigara, na mama yao katika maisha yake yote hakuwahi kuvuta.

Akasimama. Koti likaburuta sakafuni, nusu pindo limefumuliwa. Alipita kati ya ngoma ya kufulia na viatu vya kushoto, akasimama mbele ya kiti cha daktari wa meno. Mzee hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama koti.

Tangu asubuhi Fundi alikuwa amemwuliza mtu huyu maswali yasiyopungua ishirini, na kwa yote alipewa jibu moja lililomfanya atamani kumpiga na tausi wa chuma. Sasa alikuwa na swali moja tu, na kwa mara ya kwanza alitamani kulisikia jibu lile. Angelipokea kwa mikono miwili, angerudi nyumbani, angelala.

"Mzee wangu," akasema, "ulimjua mama yetu?"

Mzee alishusha miguu yake, mmoja baada ya mwingine. Akaenda mlangoni, akageuza kibao upande ulioandikwa TUMEFUNGA, ingawa saa saba haijafika, akazungusha ufunguo.

"Ndiyo," akasema.